Fundi wa Spika

Ni mimi niliyezima.
Naanza na hilo, msije mkanisoma hadi mwisho
mkinidhania shujaa.

Uwanja wa Tangamano, Jumamosi, saa kumi kasorobo.
Spika nne, mbili za kuazima kwa Shemahonge wa Makorora,
jenereta linakohoa kama aliyemeza mwiba wa changu,
na jukwaani, kwenye viti vilivyovishwa vitambaa,
wakubwa wanajipepea kwa ratiba.

Sumaku aliitwa apunge mkono tu.
Mwinjuma Singano, golikipa wa kiwanda cha magunia,
aliyedaka penalti tatu mchana mmoja
mpaka wanawake wa Ngamiani wakambatiza upya.
Wakampa fulana mpya, ikamfika magotini.
Wakamwambia: salimia, mzee, sema oyee, kaa.

Akasalimia.
Akasema: "Nina swali la mafao."

Neno lile lilianguka
kama sufuria jikoni usiku wa manane.

"Tulikuwa mia tatu na kumi na mmoja.
Mashine mmeuza. Bati mmeuza.
Kengele ya zamu nimeiona Pongwe, inaita watoto wa shule.
Sisi tunaambiwa faili linatafutwa.
Mfungo huu tumemzika Kihiyo wa bohari
kwa sanda ya mchango. Faili linatafutwa.
Miaka ishirini na miwili mnatupiga danadana.
Mpira mimi naujua, jamani.
Hiyo si danadana. Huko ni kupoteza muda,
na refa mmemvalisha jezi yenu."

Bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni
hakunena. Alinitazama,
akapitisha kidole shingoni, polepole,
kama anayejinyoa.

Nina mtoto kidato cha tatu.
Nina deni la amplifaya.
Nina mikutano miwili mingine mwezi huu.
Kidole changu kikaenda chenyewe.
Hapana. Nilikipeleka.

Spika zikashikwa kwikwi, zikanyamaza.

Sumaku akaigonga maiki mara moja,
akaiweka mezani katikati ya chupa za soda,
taratibu, kama anavyoutenga mpira wa goli kiki.
Kisha akaitoa ile sauti,
ile ya kuwafokea mabeki: Toka! Mtu nyuma! Funga mlango!
Sauti isiyokula umeme.
Wakaanga mihogo wakaacha mafuta yaungue.
Waliokuwa wamekaa mbali, kwenye kivuli cha ukuta,
wakainuka, wakasogea kusikiliza majina:
alikuwa anataja wafu, mmoja mmoja, na idara zao.

Nikaambiwa niweke muziki.
Nikaweka muziki.

Gari lililomleta halikumrudisha.
Nilimfuata usiku, Mabanda ya Papa,
na kilo mbili za sukari na maneno niliyoyapanga njiani.
Alikuwa ameigeuza ile fulana ndani nje
anasuguia kioo cha taa.
Sukari akapokea. Maneno hakuyasubiri.

"Ile spika ya kushoto ina mkwaruzo," akasema. "Unajua?"
Najua, mzee.
"Itengeneze. Jumamosi ijayo nakuja tena."
Watakualika?
Akacheka mpaka akakohoa.

Leo Jumatano.
Nimeifungua, ipo mezani, matumbo nje.
Waya umeoza, wa shilingi elfu nne tu.
Duka liko hapo ng'ambo ya barabara.
Bado sijavuka.