Yule Nani

Nesta Prosser hakuwahi kuitwa jina lake sokoni.
Pale Swansea, penye meza za kome na mwani wa kuchemsha,
walikuwa wakimshika kiwiko:
"Wewe si ndiye yule... yule nani..."
"Ndiye," anasema, analipia kome wake,
anaondoka kabla hawajamkumbuka vibaya.

Mimi nilikuwa karani wa mwendelezo.
Kikombe kimebaki na chai kiasi gani, kifungo kipi ki wazi,
mkono upi ulishika mwavuli kabla kamera haijazimwa:
hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na daftari ninazo.
Kwa hiyo haya naweza kuyaapia.

Alikuwa mama mwenye nyumba mara kumi na tisa.
Mtawa mara nne, mmoja wao akatumbukia bwawani.
Mke wa kasisi. Mke wa kasisi mwingine.
Jirani wa kuchungulia pazia, hata ikafika siku
akawa anakuja na pazia lake mwenyewe kwenye mfuko.
Shangazi aliyekufa dakika ya tatu,
tukarudia mara sita kwa kuwa maiti alicheka.

Na ile ya ufukweni: mrembo anabusiwa, fidla zinalia,
nyuma yao, nje kidogo ya mwanga,
Nesta anapigana na kiti cha kukunja.
Ukumbi mzima wa Cardiff ukahamisha macho
kutoka kwenye busu kwenda kwenye kiti.
Mrembo hakumsamehe.
Kiti nacho, sidhani.

Watu husema fulani anavunja mbavu.
Nesta alivunja mmoja, wake mwenyewe, wa kushoto,
Ijumaa, studio ya pili, ngazi imepakwa sabuni kupita kiasi.
Vidato kumi na moja na sinia la chai mkononi.
Akatua. Akaitazama kamera.
"Sukari vijiko vingapi?"
Mshika taa alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Mimi niliuona mkono wa kulia ukienda ubavuni,
niliuona kwa sababu haukuwa kwenye mazoezi.
Nikaandika: *mkono wa kulia, ubavuni.*
Nikauzungushia duara.

Tangu hapo tukawa marafiki, kama ni urafiki
kukaa ndani ya gari la mavazi, mvua ya Port Talbot juu ya bati,
mmoja akifuma, mwenzake akifumua.
Baba yake alikuwa na bucha, Morriston.
Yeye, miaka saba, akipanda juu ya kreti
kuiga mwendo wa diwani, wateja wakishika matumbo.
"Na mtu akicheka," aliniambia, "haangalii mizani.
Baba aliuza mafuta kwa bei ya mnofu.
Najua kicheko kina uzito gani, kwa wakia."

Mara moja tu walimpa kilio.
Mama wa mchimba makaa, anafungua mlango,
mlangoni kuna kofia ya mwanawe.
Waliowaonyesha kwanza wakacheka palepale, alipofungua tu,
kabla hajaiona kofia.
Wakampa mwingine.
"Ukikaanga samaki miaka ishirini," alisema,
"hata uji wako utanuka samaki,"
akaniomba nimshikie uzi.

Juzi mchana wameirudia ile ya ngazi.
Mimi na paka, kipasha joto kinanung'unika.
Vidato kumi na moja. Sinia. *Sukari vijiko vingapi?*
Mhariri alikata mapema, alikuwa fundi:
picha inakwisha mkono ukiwa bado kwenye sinia.
Nusu sekunde, basi.
Paka alinitazama, maana nilikuwa nimejishika ubavu.

Kisha majina, mbio, yakipanda kama mapovu.
La kumi na mbili: Nesta Proser. S moja.
Nikatafuta kalamu.