Pilau ya Ushindi

Niliagizwa masufuria saba,
mbuzi kumi na mmoja, na bizari nikasagishe mwenyewe Ngamiani:
"Mheshimiwa hali ya paketi."
Nusu ya ujira nilipewa Alhamisi.
Nusu, walisema, matokeo yakitoka.

Hawakusema yakitoka vipi.

Saa nane za usiku vitunguu vimefika rangi ya udongo wa Lushoto,
vijana wamefunga spika juu ya ukuta,
fulana mpya bado zina mikunjo ya boksi.
Redio ikasema Pongwe. Wakacheka: "Pongwe nako kuna watu?"
Ikasema Makorora. Mmoja akapunguza sauti.
Ikasema Duga, ikasema Mabawa,
ikasema mtaa ule aliogawa mabati,
na kura zikamkataa palepale, chini ya mabati yake.

Wasemao Tanga waja leo waondoka leo
hawakumjua Sekibaha.
Alikuja, akakaa miaka ishirini na mitano,
watoto wakazaliwa, wakaota ndevu,
picha yake ingali ukutani kliniki.

Na aliyemwangusha? Mwanahamisi Kilua,
karani wa mizani, aliyefukuzwa kazi
kwa kukataa kupunja kilo za wakata mkonge.
Mwaka mzima kapita na baisikeli ya kuazima,
hana fulana ya kugawa, hana hata kalamu.
Mlangoni kwangu aliacha swali tu:
"Na wewe, nani anakupimia?"

Kulipokucha ua li tupu.
Fulana moja imetupwa juu ya mtungi.
Nje zinapita kengele za baisikeli, mamia,
ndani ni mimi na makaa juu ya vifuniko.

Akatoka mwenyewe, na kandambili;
ndiyo kwanza nione vidole vya miguu yake.
"Imeiva?"
"Imeiva, Mheshimiwa." Neno lilitoka kwa mazoea.
Akaketi juu ya mbuzi ya nazi, akaomba ukoko.
Nilimpakulia kidole cha wino nimekikunja ndani ya khanga.
Akakiona. Lakini wino hausemi
mtu aliweka tiki wapi.
Akatafuna polepole, akasema chumvi imepungua.

Haikupungua.

Nikalisukuma lango kwa goti.
Harufu ikatangulia barabarani,
na kengele, moja baada ya moja, zikanyamaza.

Nusu yangu sijaiona mpaka leo.