Behewa Namba 33550336

Stesheni ya Arys, saa tisa usiku, Januari.
Nyuzi kumi na nane chini ya sufuri.
Wino umeganda; naandika kwa penseli.
Treni ya kokoto imeingia inakohoa
nami napita ubavuni mwake na tochi:
nasoma namba, naandika, nasoma, naandika,
kazi ya miaka ishirini na miwili.

Kisha tochi ikagota.
Tatu, tatu, tano, tano, sufuri, tatu, tatu, sita.

Wewe.

Mara ya mwisho tulionana ubaoni, chuo cha ualimu, Shymkent,
Lidia Genrikhovna akiwa na chaki hadi viwikoni:
"Namba nzima ni nyingi kama mchanga.
Timilifu ni za kutafutwa.
Ukishaipita 8128 utatembea milioni thelathini na tatu na ushei
bila kupishana na hata moja."

Mwisho wa mwendo huo, huyu hapa.
Viite vigawo vyake vyote, yeye mwenyewe abaki nje:
moja, mbili, nne, nane, mpaka 4096;
halafu 8191, na maradufu yake, na maradufu ya maradufu.
Ishirini na vitano. Vijumlishe.
Hazidi, hapungui, ni yeye yule yule,
kama mtu aliyegawa mali yote angali hai
na jioni akaikuta mlangoni, senti kwa senti.

Mwandike kwa moja na sufuri tu:
moja kumi na tatu, kisha sufuri kumi na mbili.
Treni, basi!
Mabehewa kumi na matatu yameshiba,
kumi na mawili matupu yanaburutwa nyuma.

Ila mimi moyo wangu ulikuwa kwa 8191.
Namba tasa. Hagawiki ila kwa moja na kwa nafsi yake.
Tasa:
neno hilo mama mkwe alinitupia mezani
mbele ya wageni, mkate ungali mkononi mwangu.
Sikujibu. Nilikuwa nahesabu.
Mtoe tasa yule, na timilifu
anabaki mbili tupu zilizozidishana.

"Raushan! Umelala?"
Ni Dosbol na nyundo yake ya mpini mrefu.
Anagonga magurudumu moja moja, anategea sikio.
Kwenye behewa hili chuma kinalia kama chungu kilichopasuka.
Anagonga tena.
"Ufa. Litolewe."

Nilitaka kumwambia. Ningeanzia wapi?
Hata ile sita ya mwisho, tarakimu ya ulinzi
iliyowekwa kuzikagua saba zilizotangulia,
nimeipigia hesabu kichwani: imekubali.
Namba haina kosa.
Chuma ndicho kilichochoka.

Nikajaza fomu: 33550336, gurudumu la tatu, ufa.
Nikavua glavu,
nikapitisha kidole juu ya rangi nyeupe, tarakimu kwa tarakimu,
baridi ikaning'ata mpaka kwenye mfupa.
Alfajiri treni iliondoka
imepungua moja.