Kinga

Saa kumi na moja na robo, kahawa haijapoa,
nafungua ramani ya upepo.
Missoula bado imelala bakulini mwake,
na ule mlima wanaouita Jumbo umejikunyata juu ya mapaa
kama ndovu aliyechoka kuulizwa nani alimpa jina.

Saa kumi na mbili simu italia. Ni Wade Finley,
sauti ya changarawe, haina salamu ndefu:
ekari mia mbili na arobaini, misonobari,
sindano zimekauka, zinafika kifundoni.
Tuna siku tatu, halafu theluji. Unanipa au hunipi?

Kazi yangu ndiyo hiyo. Natoa moshi kwa kipimo
kama mfamasia atoavyo sumu kwa kijiko.

Babu zake Wade waliichoma miteremko hii kila vuli,
wakakatazwa. Miaka mia ya katazo
imelala pale chini, sindano juu ya sindano,
ikingoja kiberiti cha yeyote.
Agosti tulimwona huyo yeyote:
siku kumi na tisa jua likawa ukucha mwekundu,
tukaziba madirisha kwa taulo zilizolowa.
Moto ule haukumpigia mtu simu.

Lakini nikisema ndiyo, najua pia unakoelekea.
Oktoba hewa baridi hufunika bonde kama kifuniko cha sufuria,
na moshi, badala ya kupanda, hushuka na mto
ukisoma namba za milango:
Bi Maureen Sorley, mashine ya oksijeni ikinguruma kama friji kuukuu;
Wabiwa, miaka sita, ghorofa ya chini yangu,
aliyejifunza hesabu kwa pampu yake ya pumu.
Moja, shikilia. Mbili, shikilia.

Jumapili, kwenye mashine za kufulia, mama yake aliniuliza:
"Kumbe ni wewe unayewaruhusu?"
Nikamjibu, dawa ya moto ni moto.
Akakunja shuka, pembe kwa pembe, bila haraka.
"Na dawa ya moshi?"

Sikuwa na methali.

Usiku ule nililala na neno moja.
Kinga: kipande cha kuni chenye moto kichwani,
kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Kinga: ngao, chanjo, kiganja mbele ya uso.
Nilipokuwa mdogo nilidhani ni umaskini,
maneno yametuishia, tunavaa moja mara mbili.

Simu.
"Tisini," namwambia. "Saa saba hadi saa kumi, kifuniko kikiinuka.
Upepo ukigeuka, zima."
Kimya. Nasikia gari lake likiunguruma.
"Tisini hazitoshi."
Najua.
Mama Wabiwa angesema ni nyingi mno.
Najua hilo pia.

Jioni nashuka ngazi na kichujio cha hewa cha ofisi,
kizito, waya unaburuta nyuma yangu kama mkia.
Harufu imeshafika kabla yangu,
na ni tamu, utomvu na majani,
na utamu huo ndio unaoniudhi.
Ndani, sauti ndogo inahesabu.
Nimesimama nje ya mlango, mikono imejaa,
sina cha kubishia hodi ila kiwiko.
Moja, anasema.
Nashikilia.