Umebeba Nini?

Miaka ishirini na sita nilisimama Röszke,
upande wa Hungaria, dirisha la nne,
nikiuliza swali lilelile mpaka likaota sugu ulimini.
Umebeba nini? Nyama? Maziwa? Sigara? Miche?
Basi la usiku kutoka Subotica hufika saa nane,
watu wanashuka na nyuso zilizokunjamana kama mashuka,
na mimi, Ödön, nina glavu, nina tochi,
nina muhuri.

Uongo niliujua kwa harufu.
Mkweli hukasirika; mwongo hucheka kabla ya kichekesho.
Anayeficha pesa huangalia viatu vyake,
anayeficha soseji humwangalia mbwa.

Nimekuta jibini ndani ya nepi ya mtoto,
pombe kali kwenye chupa ya maji ya baraka,
pete tatu tumboni mwa mkate.
Na kiberiti kimoja, mwezi wa Mei, mwaka siukumbuki,
mfuko wa kifuani wa Vukosava, mfuga nyuki.
Nilimwambia akitoe. Nikakitikisa sikioni. Kikanung'unika.
"Ni malkia," alisema. "Usifungue, kuna baridi."
Sheria ni msumeno, nilimjibu,
nikafungua.
Hakulia. Alifunga vifungo vya blauzi yake
kimoja, cha pili, huku akinitazama,
akasema: "Mwanangu, na wewe siku moja utasafiri."

Sikusafiri. Nilistaafu. Piroska, mke wangu, akafa.
Kisha simu ya binti yangu kutoka Toronto:
Baba, njoo umwone mtoto.
Usilete kitu.
Kimya kidogo. Halafu:
hivi ile soseji ya mama, ilibaki?

Ilibaki moja. Ilining'inia darini tangu kabla ya mazishi,
nyekundu kwa paprika, ngumu kama rungu la polisi,
na fundo la uzi lilifungwa kwa mikono yake.
Nikaitia ndani ya soksi, soksi ndani ya buti,
buti ndani ya mfuko, kahawa ya unga juu yake.
Ujinga huo wa kahawa nimeukamata mara mia.

Uwanjani mashine iliniuliza:
Nyama?
Nikabonyeza Hapana.
Kidole changu mwenyewe.

Mbwa wao ni mdogo, masikio marefu,
amevaa kizibao cha kijani kama mtoto wa chekechea.
Alipita mabegi ya Wafilipino, sanduku la mtawa,
gitaa la mtu. Akaja kwangu. Akaketi.
Hakubweka. Aliketi tu, kwa adabu,
kama mgeni anayesubiri chai.

Afisa alikuwa binti wa kilemba cheusi,
kifuani ameandikwa Harleen.
Begi ulilifunga mwenyewe? Ndiyo.
Umebeba nini?
Nilijua la kufanya: kasirika kidogo, usicheke.
Nilicheka.

Akavaa glavu. Vidole vyake vilipita
juu ya fulana zangu za ndani, vidonge vya moyo,
sweta la kichanga ambalo Piroska hakulimaliza,
mkono mmoja ungali kwenye sindano.
Sindano alizitazama muda mrefu. Akaziacha.
Soksi akaivuta.
Watu nyuma yangu waligeuza nyuso pembeni.
Zamani, dirishani, nilidhani ile ni dharau.

"Nani alitengeneza?" aliuliza.
Swali hilo halimo kwenye fomu yoyote,
ninazijua fomu.
"Marehemu," nilisema, kwa Kiingereza changu cha maneno arobaini.
Akanyamaza. Akachukua mkasi,
akakata juu kidogo ya nyama, fundo likatoka zima,
akaniwekea kiganjani.
"Uzi si nyama," alisema.
Kisha akaitupa. Pipa lina mfuniko wa chuma.
Mlio wake naujua hata usingizini.

Faini nililipa. Muhuri ukagongwa, milango ya vioo ikafunguka,
na kule ng'ambo ya kamba binti yangu
alikuwa amemwinua mtoto juu, juu sana, nisije nikawapita.

Nilisahau kusema: yule malkia hakufa palepale.
Alirukia taa ya dirisha la nne
akaizunguka mpaka kulipopambazuka,
na kwenye ripoti ya zamu nikaandika:
hakuna.