Kupiga Deki Kabla ya Saa Moja

Jukwaa letu ni uwanja wa kiwanda cha pamba kilichokufa,
Hebden Bridge, mwezi wa saba.
Jua la huku likishashika zamu haliachii,
saa tatu za usiku bado linarandaranda juu ya mapaa
kama mgeni aliyeaga mara tatu na hajainuka kitini.

Kazi yangu ni sakafu.
Asubuhi natandika mikeka myeusi ya mpira,
naunganisha pindo kwa pindo, nabandika utepe,
napapasa kwa kiganja: kiwiko cha mtu kitapita hapa,
kidevu, ubavu, mgongo ulio wazi.
Msumari mmoja tu, na tamasha zima litanisema mimi.

Wiki ya kwanza sikuelewa kitu.
Mimi mjukuu wa mcheza lelemama wa Pangani,
nimelelewa kwenye safu, bega kwa bega,
najua ngoma ikilia kiuno kinajibu.
Kwa hawa ngoma hailii.
Tamsin anasimama dakika nne akisikiliza goti lake.
Kisha anaanguka. Anainuka. Anaanguka tena,
mara thelathini kwa mazoezi ya siku moja,
na kila mara naweka mkono kifuani: pole, mwanangu.
Hasemi asante. Yuko kazini.

Jumamosi, saa moja kasoro dakika ishirini,
mvua.
Si mvua ya kusema mvua. Manyunyu tu, ya kinafiki,
yanayolowesha bila kujulikana yameanza lini.
Watu mia mbili wameshaketi, wamejifunika mifuko ya plastiki,
hakuna anayenung'unika, ndivyo walivyo watu wa bonde hili,
wanakula mvua pamoja na chipsi zao.
Bi Ackroyd akanong'ona kwenye redio:
"Sakafu, Zuwena. Sasa hivi."

Nikaingia na ndoo na mataulo sita.
Nikapiga magoti, nikapiga deki
kama nilivyofunzwa, kinyumenyume,
nusu duara kulia, nusu duara kushoto,
makalio yakiongoza msafara,
kamua, kung'uta, rudi.
Sikuwatazama. Nilikuwa nahesabu mikeka.
Kwenye wa saba nikasikia kimya,
kile kimya cha watu walioacha kutafuna.

Walidhani imeanza.

Nilipoinuka, mkono kiunoni,
nikisema "yarabi" kwa sauti yangu ya kila siku,
wakapiga makofi.
Mia mbili, mifuko ikichakarika, mzee mmoja akipiga mluzi.
Mcheza kwao hutunzwa, walisema wa kwetu;
wa ugenini hawakumtaja.
Msichana mdogo mwenye mabuti ya manjano
akavuka utepe, akanitunza tofi moja,
akaiweka ndooni, kwa heshima, juu ya taulo chafu.

Nilikimbilia nyuma ya pazia, uso unawaka.
Bi Ackroyd alicheka hadi miwani ikamdondoka.

Ndipo nikakumbuka: pembe ya kushoto sikufika.
Doa la maji, upana wa sahani.
Saa nzima sikuona mchezo, niliona doa.
Tamsin akalikaribia, akaliacha,
akazunguka na Gethin begani,
akamshusha, akarudi. Kisigino kikagusa.

Aliteleza. Na badala ya kujizuia
akaufuata mtelezo ulikokwenda,
akaurefusha mpaka nikasahau kuvuta pumzi,
mpaka kiganja chake kikafika chini
naye akaanza kurudi kinyumenyume,
nusu duara kulia,
nusu duara kushoto.
Nyuma ya pazia magoti yangu yakamjibu.

Usiku, amefunga barafu kwenye kifundo cha mguu,
nikaenda kumwomba radhi.
Alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua macho.
"Kesho," akasema, "pale pembeni
usipakaushe."