Kinachokaa Katikati

Saa moja na robo, Pasua, umeme umerudi.
Mama mkwe ameteremka kutoka Kibosho na nyonga mpya,
mkoba wa dawa, na swali moja kila jioni:
"Hicho kidude chenu kina nini na mimi?"

Kidude ni kipokezi cha blututhi,
upana wa kiberiti, kataa ka buluu,
nilikinunua Mbuyuni elfu kumi na tano
nikakichomeka mgongoni mwa amplifaya ya marehemu baba mkwe,
ile ya kasha la mbao, inayonguruma kabla ya kusema.
Simu inatuma, kidude kinadaka, spika zinasoma
matangazo ya vifo, kwaya, bei ya kahawa.
Akienda kuoga, sauti imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.
Akirudi, akikaa: krr. "...mazishi ni Alha—" Krr.
"Nani kafa?" anauliza. "Nani huyo kafa?"
Hatujui, mama. Amekatika.

Nikaanza kutafuta mchawi.
Nikazima, nikahesabu hadi kumi, nikawasha.
Nikaiamuru simu ikisahau kidude, kisha nikawatambulisha upya
kama wagomvi mbele ya mshenga.
Krr.
Nikaihamisha ruta, ikalala juu ya friji.
Nikachomoa maikrowevu, kiporo tukala baridi.
Nikabisha kwa jirani: "Samahani, Mama Proches,
spika ya mwanao inaitwaje?"
Maana juzi, katikati ya rozari,
kidude kilidaka muziki wa Proches,
na mama mkwe, macho kayafumba, akauitikia "Utuombee"
mara mbili kabla hajashtuka.
Proches akazima yake. Akaapa kwa mama yake aliyesimama pale pale.
Krr.

Mume wangu Melkiori, bila kuinua macho: "Nunua kingine."
Ndivyo anavyotengeneza kila kitu.

Jumapili, mama mkwe bado amelala,
nikakaa kwenye kiti chake.
Krr.
Nikasimama: kwaya nzima, hadi besi.
Nikakaa: krr.
Simu mezani mbele, kidude nyuma kwenye kabati,
na kiti katikati, usawa wa kifua.

Fundi Ndemasi wa karibu na stendi alicheka hadi akaweka bisibisi chini.
"Mwili ni maji, dada. Mawimbi haya hayajui kuogelea.
Mtu ni ndoo iliyovaa nguo."

Nilirudi kwa miguu, nikitafuna maneno yale.
Miaka tisa nimelijua hilo bila fundi.
Neno nililomtumia Melkiori kutoka jikoni
likipita kwa mama yake lilifika limemegwa:
"nimechoka" ikafika "amechoka na sisi,"
"naomba ada ya mtoto" ikafika "naomba."
Nami nilidhani dawa ni kuongeza sauti.

Jioni ile ningeweza kumwambia.
Nilikuwa nalo mdomoni, tamu kama pipi ya wizi:
Ni wewe, mama. Wewe ndiye unayekata.
Alikuwa anajisugua nyonga, chumba kinanuka dawa ya kuchua.
Akauliza tena, safari hii polepole:
"Au kinajua mimi si wa hapa?"

Nikapanda kwenye stuli.
Nikavuta waya wa mita tatu, nikakiweka kidude
juu kabisa ya kabati, kando ya sufuria za harusi
ambazo hazijawahi kuona moto,
juu ya kilemba chake.
"Ilikuwa ruta," nikasema.
"Nilijua. Ile ruta tangu mwanzo ina macho mabaya."

Sauti ikapita.
Marehemu alikuwa wa Uru, miaka tisini na miwili,
hatumjui, hatuna undugu naye.
Mama mkwe akamwombea hata hivyo, jina zima, hadi la ukoo.

Chumbani Melkiori akaita: "Unasema?"
Sikupaza sauti.
Nikashuka kwenye stuli, nikamfuata.